Mabenchi ya kilimani: kabla ya kuchimba shimo, uliza ardhi ni ya nani

Wale wanaotumia barabara ya Mabanda kwenda mpaka wa Mugina huenda wameuona mkuyu mkubwa ulio kati ya shule yetu na barabara. Hapo ndipo akina mama wa dagaa na mchele kutoka upande wa Manyovu hushuka kungoja gari la kuendelea, na hapo ndipo wanaopeleka ndizi na mawese upande wa pili hukusanyika alfajiri. Kwa miaka mingi walikuwa wakikaa chini, au juu ya ndoo walizozigeuza, au juu ya mizigo yao wenyewe. Mvua ikinyesha walisimama.

Mwaka 2010, ikiwa ni mwaka mmoja tangu nirudi kutoka Katumba, niliamua kuwatengenezea mabenchi. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa na wanafunzi wa darasa la sita, panga mbili, sururu moja na nguzo nane za mkaratusi tulizopewa na mzazi mmoja. Jumamosi, baada ya kazi za pamoja, tulichimba mashimo manane, tukasimamisha nguzo na kupigilia mabanzi juu yake. Yalitoka mabenchi mawili mazuri. Nililala usiku ule nikijiona nimeifanyia jamii jambo.

Jumapili asubuhi nguzo zote nane zilikuwa zimeng'olewa. Hazikuvunjwa wala kuibwa. Zilipangwa vizuri mbele ya mlango wa ofisi ya shule, mabanzi yamelazwa juu yake, na misumari yote imenyooshwa ikawekwa ndani ya kopo.

Sikuhitaji kufanya uchunguzi, kwa sababu aliyezing'oa alikuja mwenyewe kuniambia. Ni mzee anayekaa nyuma ya shule, mmoja wa wale ambao hawakukimbia mwaka 1972. Nami nikafikiri kama ambavyo wengi wetu tuliorudi tunavyofikiri jambo likiharibika: huyu hatutaki. Nilikosea. Kiwanja kile chenye mkuyu kilikuwa na ugomvi kati ya ukoo wake na ukoo mwingine uliokimbilia Tanzania na kurudi katika msafara mmoja nasi. Mimi nilikuwa nimechimba katikati ya ugomvi huo bila kujua.

Ndugu msomaji uliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, hili linahitaji kuelezwa. Kule Katumba, Mishamo na Ulyankulu wazazi wetu walikuta pori la miombo, wakapimiwa viwanja, na kila mmoja alijua chake kinaanzia wapi. Nguzo kule ilikuwa nguzo tu. Huku vilimani kitu kilichochimbiwa ardhini ni ushahidi. Mkuyu unaonyesha kwamba hapa palikuwa na boma la mtu. Mnyaa unaonyesha mpaka. Mibuni na migomba inaonyesha nani alilima na kwa muda gani. Nguzo iliyosimama msimu mzima bila mtu kuipinga nayo huanza kusema. Mzee yule alipotazama mabenchi yangu hakuona mahali pa kukalia. Aliona mashahidi wanane waliosimamishwa na mwalimu aliyetoka Tanzania. Na ule ukoo uliorudi, nilipokwenda kuwaomba radhi, nao walikuwa wamekasirika. Wao waliona shule inawanyang'anya kiwanja.

Simulizi hili si la kilima kimoja. Katika miaka ya 2008 na 2009 walirudi watu zaidi ya 50,000 kati ya wakimbizi wa mwaka 1972, wakati wenzao zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania na kubaki. Baadaye, kuanzia mwaka 2017, wamerudi wengine zaidi ya 200,000 kati ya waliokimbia mwaka 2015 na kuendelea. Wote hawa hukutana na waliobaki mahali pale pale: kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya zahanati, sokoni, kituo cha magari. Ni mahali pa kungoja, na mtu anayengoja anahitaji pa kukaa. Lakini mara nyingi mahali pa wazi pamebaki wazi kwa sababu tu mwenyewe hajulikani, au wanaojiita wenyewe ni wawili.

Kigoda cha miguu mitatu

Nilirudi kwa mzee nikiwa na kigoda cha marehemu baba. Ni cha mninga, kizito, chenye miguu minne, alichokichonga Katumba na tukasafiri nacho kwa treni hadi Kigoma wakati wengine walibeba milango na mabati. Nilikiweka uani kwa mzee ili nikae tuzungumze, kikaanza kuyumba. Nikakisogeza, kikayumba tena.

"Mwalimu, huko kwenu ni tambarare?" aliniuliza.

Lile neno "huko kwenu" liliniuma, maana kwetu ni hapa, na ndiko baba yangu alikozaliwa. Lakini kuhusu kigoda alikuwa na haki. Akanitolea chake, cha miguu mitatu, kilichokaa kwenye mteremko ule ule bila kutikisika. Mwalimu wa hisabati angeeleza kwa chaki: nukta tatu daima hulala kwenye bapa moja, ya nne ndiyo inayoleta fitina. Mzee hakuwa na chaki. Alikuwa na tezo, patasi, keekee ya mkono na miaka mingi ya kuchonga vigoda vya harusi na vya wazee wa bashingantahe.

Yeye ndiye aliyetoa wazo ambalo mimi na diploma yangu sikulifikia: benchi lisichimbiwe. Lisimame kwa miguu yake lenyewe, litoke asubuhi na kurudi jioni. Kitu kinachorudi ndani jioni hakiwezi kudai ardhi.

Tulianza na benchi la mita moja na nusu. Miguu ilikuwa miwili upande mmoja na mmoja upande wa pili, yote ikitanuka kwa nje. Wa kwanza kupinduka nilikuwa mimi, kwa kukalia ukingo wa upande wa mguu mmoja, mbele ya darasa zima. Tukaubadilisha mguu ule ukawa ubao mpana kama kiganja kilichokunjuliwa, na tangu hapo hakuna aliyeanguka. Misumari hatukutumia. Siri ya mzee iko kwenye ukavu wa mti. Miguu huikausha miezi mingi darini, juu ya moshi wa jiko. Ubao wa kukalia huuchukua ukiwa bado na unyevu kidogo. Hutoboa tundu, huingiza ulimi wa mguu, hupasua ncha yake na kupigilia kabari kutoka juu. Ubao unapokauka hunywea na kuubana mguu ambao wenyewe umekwisha kunywea. Benchi la kwanza bado lipo. Yale ya misumari ambayo baadaye tulitengenezewa kwa msaada, na ambayo yalikuwa yanang'aa kwa vanishi, yalilegea mwaka wa pili.

Tatizo la mkaratusi kila mtu analijua: hukua haraka na hupasuka haraka zaidi. Tulijifunza kuumenya magome siku ile ile, kupaka nta au udongo mzito kwenye ncha ili maji yasitoke kwa kasi, na kuulaza kivulini juu ya mawe, si juani. Wengine hupaka oili chafu ya magari dhidi ya mchwa. Inafanya kazi, lakini sitaki watoto wakae juu yake, na mvua huishusha bondeni kwenye chemchemi. Badala yake ncha za miguu tunazibabua kwa moto mpaka ziwe nyeusi, na benchi huwekwa juu ya mawe bapa.

Kuhusu vipimo, tulikuja kuona kwamba benchi moja halimfai kila mtu. Watoto wa madarasa ya chini wanahitaji sentimita 30 hadi 33, mtu mzima 43 au 45. Wazee wanapenda la juu kidogo, 48, kwa sababu shida yao si kukaa bali kuinuka.

Mbao nyingine tulizipata mpakani. Wafanyabiashara wasomao gazeti hili wanazifahamu zile paleti za mbao zinazotupwa baada ya shehena kushushwa. Ni mali, lakini tazama muhuri kabla ya kuzibeba. Zenye herufi HT zimetibiwa kwa joto, na zinafaa kwa benchi. Zenye MB zimefukizwa kwa dawa ya sumu ya kuulia wadudu, ziacheni, na wala msizipikie. Kamba za kukalia tulizipata kwa mafundi wa katambuga, vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu ambavyo wao hawavihitaji. Vikisukwa kwenye fremu, mtu huketi kama kwenye kiti cha ofisini, na mvua haiviozeshi.

Ukuta una mwenyewe

Hata hivyo benchi la kubebwa haliwezi kumaliza kila haja. Mvua ya Aprili haimsubiri mwalimu wa zamu, na gari la saa kumi alfajiri hufika kabla shule haijafunguliwa. Tulihitaji kitu cha kudumu, na jibu nililipata nilipokwenda kwenye semina kaskazini, Muyinga, njiani kuelekea mpaka wa Kobero.

Pale Muyinga kuna maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kama sehemu ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake, BC Architects kutoka Brussels, walifanya kazi na mafundi na wananchi wa pale pale. Kuta zake ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, paa ni la mikaratusi na vigae vya udongo vilivyochomwa jirani. Ndani, juu ya chumba cha kusomea, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambamo watoto hujilaza kusoma. Sijaona samani ya shule iliyonifurahisha kama ule wavu. Lakini nilichokitazama kwa muda mrefu zaidi ni ukumbi mrefu wa nje, wenye nguzo na paa, ambao wajenzi waliuchukua kutoka kwenye nyumba za kienyeji za Burundi. Mtu anakaa pale akiwa nje na akiwa amesitiriwa.

Nikiwa nimesimama pale nikakumbuka kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo neno lake tangu zamani: baraza. Pita Buyenzi pale Bujumbura, pita Ujiji, pita Mji Mkongwe wa Zanzibar ambako mabaraza ya mawe na chokaa yameshikana na kuta za nyumba mtaa mzima. Unguja mvua kubwa ikigeuza vichochoro kuwa mito, watu hutembea juu yake. Baraza ni la mwenye nyumba, hakuna anayebisha. Wakati huo huo anayepita hulikalia, hucheza bao, hungojea mvua. Ukuta una mwenyewe, kikao ni cha wote. Kwa mahali penye ugomvi wa mipaka sijui mpango mzuri kuliko huo.

Ardhi ya shule ina hati. Basi tukajenga baraza kwenye ukuta wa darasa la mwisho, upande unaotazama barabara, hatua chache tu kutoka kwenye mkuyu. Safari hii niliuliza kwanza: wazazi, wazee wa kilima, na koo zote mbili. Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko ujenzi.

Udongo tuliupima kwa njia ambayo darasa langu hulipenda kuliko somo lolote. Chekecha udongo, ulowanishe kidogo, uviringishe mezani kama muhogo mwembamba wa unene wa sentimita 3, kisha usukume polepole upite ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, una mchanga mwingi mno. Ukining'inia mpaka ukapita sana 15, una mfinyanzi mwingi na utapasuka ukikauka. Ukikatika katikati ya hapo, fyatua. Tulichanganya sehemu moja ya saruji kwa 15 za udongo. Matofali yalikaa kivulini wiki nne, na wiki mbili za mwanzo yalinyunyiziwa maji na kufunikwa majani ya mgomba. Hakuna gogo hata moja lililoingia kwenye tanuru, na hili si jambo dogo katika nchi ambayo kuni zinatafutwa kwa mwendo wa nusu siku.

Mwaka wa kwanza mvua ililamba kona ya baraza mpaka ikawa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Kosa lilikuwa langu tena. Nilikumbuka matofali ya Muyinga nikasahau paa lake, ambalo limetokeza mbali nje ya kuta ili maji yasiyaguse. Tukaongeza upenu wa mikaratusi na bati kuukuu, kipindi hiki mita nzima mbele ya ukingo wa baraza, na chini tukaanza na safu mbili za mawe. Mpaka leo tunasiliba nyufa mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Septemba.

Wapo wanaodhani udongo na mikaratusi ni vitu vya shida, vya kutumia mpaka fedha ipatikane. Mkuu mmoja wa wazazi alisema hivyo kikaoni: tumetoka kwenye nyumba za udongo ukimbizini, leo mwalimu anaturudisha humo. Nilimweleza habari za Diébédo Francis Kéré wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, aliyeanza kama fundi seremala na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kwa wasanifu majengo. Shule yake ya sekondari ya Schorge kule Koudougou, iliyomalizika mwaka 2016, imezungushiwa uzio wa fito za mkaratusi, mti ambao pale kwao wengi huuona ni kuni tu. Kati ya fito na ukuta pamepatikana kivuli ambapo wanafunzi hukaa kungoja vipindi. Madawati yametengenezwa kwa mbao za pale na mabaki ya vyuma vya paa. Mzazi alinisikiliza, kisha akauliza kama huyo Kéré angependa kutununulia saruji. Kikao kilicheka, na siku ya kufyatua alikuja na jembe lake.

Sitaficha kwamba mabenchi mawili yalichukuliwa usiku yakageuka kuni, na baraza limechorwa majina ya wapenzi kwa misumari. Kwenye ubao mmoja watoto wamechimba mashimo ya bao, ile ikibuguzo ya wazee, nami nimewaachia. Kinachonishangaza ni kwamba lile benchi la kwanza, la mzee, halijawahi kuguswa na mwizi.

Lakini kitu ambacho wafanyabiashara walikihitaji kuliko vyote bado hakipo. Mama mmoja wa dagaa alinieleza kwamba kukaa kwao si tatizo kubwa. Tatizo ni kutua. Mwenye gunia kichwani hawezi kulishusha wala kulipandisha bila msaidizi, na alfajiri msaidizi hayupo, au yupo na anataka alipwe. Alichotaka ni kichanja kirefu, usawa wa mabega, ili akunje magoti kidogo, alisukume gunia juu yake, apumzike, kisha alichukue tena mwenyewe. Baadaye nilisoma kwamba kusini mwa India, Tamil Nadu na Kerala, zamani walijenga vitu kama hivyo kando ya njia: jiwe refu limelazwa juu ya mawe mawili yaliyosimama. Mama yule hakuwa amesoma popote. Shingo yake ndiyo iliyomfundisha.

Tulipima akina mama kumi na wawili na tukapata sentimita 135. Mzee amekwisha kuchonga ubao wa juu, wa upana wa gunia. Lakini kichanja cha kubeba magunia hakiwezi kusimama kwa miguu ya kubebwa. Kinataka nguzo nne zilizozama nusu mita ardhini, na mahali pake ni chini ya mkuyu, pale magari yanaposimama. Kesi ya kiwanja bado haijaamuliwa.

Msimu uliopita wa mchele mtoto wa mzee alinijia akauliza tutachimba lini, akashauri nguzo ziwe upande wa juu wa mti. Siku tatu baadaye akaja mtu wa ukoo wa pili na swali lile lile, akashauri upande wa chini. Niliwajibu wote kwamba waje siku moja, pamoja, na bashingantahe wawepo. Bado nawangoja. Ubao umelazwa juu ya makabati ya ofisi, umekauka vizuri. Mabenchi hutoka darasani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, kila moja likibebwa na watoto wawili.